Mshipa Upi, Presha Ipi? Uhakiki wa Lugha ya Sindano ya Adrenalini

Kazi ya istilahi hupimwa kwa namna nyingi. Wako wanaoipima kwa wingi wa maneno yaliyoundwa, wako wanaoipima kwa utamu wa neno likitamkwa, na wako wanaouliza kwanza ukoo wa neno, kama limetoka katika lugha za Kibantu, katika Kiarabu au katika Kiingereza. Vipimo hivyo vyote vina nafasi yake. Lakini katika uwanja wa tiba kuna kipimo kinachovitangulia vyote, nacho ni swali hili: mtu akisha kulisoma neno, mkono wake utafanya nini?

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno yanayotumika kwa Kiswahili kueleza dawa moja tu, yaani adrenalini, homoni inayotolewa kwa sindano na ambayo sifa yake inayotajwa sana ni kubana mishipa ya damu. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na haistahili kukosekana hata katika kituo kidogo cha afya. Pili, hutakiwa wakati ambapo mgonjwa ana dakika chache tu, na msomaji wa maelezo hana nafasi ya kufungua kamusi. Tatu, karibu kila neno linalotumika kuieleza ni neno ambalo wananchi wamekwisha kulizoea kwa maana nyingine. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba makala haya si mwongozo wa tiba. Miongozo ya tiba inatolewa na Wizara ya Afya. Sisi tunashughulika na lugha ambayo kwayo miongozo ya namna hiyo inafasiriwa, inafundishwa na kunukuliwa.

Kwa nini tuitazame kutoka Lusu

Mfano wetu tumeuweka katika kata ya Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Mkoa huu unajulikana nchini kote kwa asali. Misitu ya miombo iliyouzunguka hutoa maua ya nyuki, na hata magome yake hutengenezewa mizinga ya kienyeji. Mjini Tabora kipo chuo cha kufundishia ufugaji wa nyuki. Methali inatuambia tufuate nyuki tule asali, na watu wa huko wameifuata vizazi kwa vizazi.

Lakini anayewafuata nyuki huumwa. Watu wengi wakiumwa hupata uvimbe na maumivu, kisha hupona. Wachache, ambao miili yao imejenga mzio wa sumu ya nyuki, huweza kupatwa na hatari kubwa hata kwa kuumwa na nyuki mmoja: ngozi huwasha na kufura, koo na njia za hewa huziba, pumzi hukatika, na damu hukosa msukumo. Hali hiyo huitwa anafilaksia, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini. Kutoka Nzega hadi Hospitali ya Kitete mjini Tabora ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuingoja safari hiyo. Maisha yake yako mikononi mwa tabibu au muuguzi aliye karibu, na yako pia katika karatasi ya maelezo iliyobandikwa ukutani, kama ipo, na katika maneno yaliyoandikwa humo.

Iko sababu nyingine. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika, moja ikaendelea magharibi hadi Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma hadi Ziwa Victoria. Kiswahili kilienea bara kwa njia hizo, vichwani mwa wapagazi waliokuwa na lugha zao nyingine nyumbani. Kwa hiyo lugha ya Kiswahili ya Tabora tangu zamani imekuwa lugha ya watu wanaokutana kazini wakitoka katika lugha mbalimbali. Lugha ya namna hiyo hailei neno lenye maana tatu bila mtu kupata hasara. Somo hili tutalirudia tutakapofika kwenye vipimo.

Jina la dawa

Tuanze na jina lenyewe. Mnamo 1894 na 1895 Waingereza George Oliver na Edward Schäfer walionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi zilizo juu ya figo yakiingizwa mwilini mwa mnyama huupandisha kwa nguvu msukumo wa damu yake. John Abel wa Marekani alijaribu kuitenga kemikali yenyewe, akaipa jina la epinefrini. Mwaka 1901 Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliipata ikiwa safi, nayo ikauzwa na kampuni ya Parke-Davis kwa jina la Adrenalin. Kwa kuwa jina hilo lilikuwa alama ya biashara ya kampuni moja, Wamarekani walishika epinefrini, na Waingereza wakashika adrenalini. Mpaka leo chupa zinazoingia katika nchi zetu huweza kuwa na jina hili au lile, kwa kutegemea zilikotengenezwa.

Tukiyachambua majina hayo twaona kwamba maana yake inakaribiana sana. La kwanza limetoka Kigiriki, likiwa na maana ya kilicho juu ya figo. La pili limetoka Kilatini, likiwa na maana ya kilicho karibu na figo. Hapo ndipo wafasiri wengine hushawishika kufasiri asili ya neno badala ya kufasiri kitu. Usemi kama "homoni ya figo" una sura nzuri ya Kiswahili, lakini ni wa uongo. Adrenalini haitengenezwi na figo. Hutengenezwa katika sehemu ya ndani ya tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Tena figo zenyewe zina homoni yake, kwa mfano erithropoietini, inayohimiza utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Mwenye kuandika "homoni ya figo" amelichukua jina la mmoja akampa mwingine.

Maoni yetu ni kwamba jina la Kiswahili liwe adrenalini, kwa kuwa ndilo lililokwisha kuzoeleka katika mafunzo ya Afrika Mashariki, na kwamba katika maelezo yoyote ya dawa jina la epinefrini litajwe mara moja mwanzoni, ili anayeshika chupa yenye jina hilo asidhani ameshika dawa nyingine. Kuhifadhi majina mawili kwa kitu kimoja ni kasoro katika istilahi, lakini hapa kasoro imo katika biashara ya dunia, wala hatuna uwezo wa kuifuta kwa kuinyamazia.

Hali ya neno "homoni" ni tofauti. Neno hili lilianzishwa na Ernest Starling huko London mwaka 1905, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Kwa sababu hiyo wako waliopendekeza "kichocheo". Neno hilo ni zuri, ila limekwisha pata kazi: katika kemia ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, na katika mazungumzo ni chochote kinachoamsha hamu au ugomvi. Twaona heri libaki huko, na homoni iitwe homoni.

"Kubana mishipa": ukweli nusu

Adrenalini huelezwa mara nyingi kuwa ni "dawa ya kubana mishipa ya damu". Kitenzi "kubana" kimechaguliwa vyema. Ni bora kuliko "kuziba", maana mshipa uliobanwa bado unapitisha damu kwa kiasi, lakini uliozibwa haupitishi kitu. Ni bora pia kuliko "kukaza", ambako kwa watu wengi ni habari ya kiungo kilichokakamaa. Anayefasiri habari za dawa hizi na kuandika "huziba mishipa" amemtisha msomaji bure, na huenda mgonjwa akaikataa dawa inayomfaa.

Kosa letu hapa si la neno. Maelezo hayo yametaja nusu ya kazi. Ni kweli kwamba adrenalini hubana mishipa ya ngozi na ya matumbo, na kwa kufanya hivyo huurudisha msukumo wa damu ulioanguka. Lakini pia huupa moyo nguvu na kasi, hupanua njia za hewa za mapafu, na katika misuli ya viungo huweza kuipanua mishipa ya damu. Kwa mgonjwa wa nyuki anayekosa pumzi, kupanuka kwa njia za hewa si jambo la pembeni. Msomaji aliyeambiwa kwamba dawa hii "hubana" tu, huku mgonjwa mbele yake amebanwa kifua, anaweza kuona kwamba dawa itaongeza kile kile kinachomuua mgonjwa. Tafsiri inayofaa ingesema: "hubana mishipa ya damu ya ngozi na kufungua njia za hewa." Sentensi ni ndefu kidogo, na faida yake yaonekana.

Nusu hiyo ya pili inaeleza pia kwa nini sindano hii huchomwa katika msuli wa paja badala ya chini ya ngozi. Chini ya ngozi dawa huibana mishipa ile ile ambayo ingeibeba, ikachelewa kufika. Katika msuli wa paja husafiri upesi. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili akiwa na maneno sahihi anaweza kulieleza jambo hili kwa dakika mbili, na mwanafunzi asilisahau.

Mshipa

Hapa tumefika kwenye neno ambalo ndilo hasa lililotusukuma kuandika. "Mshipa" ni neno la zamani na lenye kazi nyingi. Twasema mshipa wa damu, tukimaanisha njia ya damu ya kwenda moyoni au ya kutoka moyoni bila kuzitofautisha. Twasema mshipa wa fahamu, tukimaanisha neva. Twasema mshipa wa shingo umekaza, tukimaanisha msuli au kano. Kisha twasema kwa sauti ya chini kwamba fulani ana mshipa, tukimaanisha ngiri au busha. Mzungumzaji wa kawaida hapati taabu kwa sababu mazingira humsaidia. Ajuza akisema mshipa wa mguu unamvuta, hakuna anayedhani anaeleza damu.

Lakini maelezo ya sindano hayana mazingira ya kuyasaidia. Ni maneno machache kwenye karatasi. Fikiria agizo linalosema: "Choma adrenalini kwenye mshipa." Mwandishi wake huenda alikusudia msuli, kwa kuwa kwake msuli na mshipa ni ndugu. Muuguzi anayelisoma atatafuta mshipa wa damu mkononi, kama afanyavyo akiweka dripu. Tofauti ya nia mbili hizo ni kubwa mno. Adrenalini ile ile ambayo ikichomwa katika msuli wa paja kwa kiasi cha nusu miligramu humwokoa mtu mzima, ikiingizwa kwa mkupuo katika njia ya damu ya mtu ambaye moyo wake unapiga huweza kuupandisha msukumo wa damu kupita kiasi, kuuvuruga mwendo wa moyo, na hata kusababisha damu kuvuja katika ubongo. Iko nafasi ya kuiingiza katika njia ya damu, kwa mfano moyo ukiwa umesimama, au chini ya uangalizi wa wataalamu wenye vifaa. Nafasi hiyo ina dozi yake na maji yake ya kuchanganyia.

Iko hatari ya tatu inayotokana na neno hilo hilo. Dawa zinazobana mishipa zikipitishwa kwa dripu, kama vile noradrenalini na vasopresini, zikivuja nje ya njia ya damu huibana mishipa midogo ya mahali hapo hadi nyama ikafa. Onyo la jambo hili likiandikwa "isitoke nje ya mshipa", msomaji ambaye kwake mshipa ni msuli hataelewa ni nini kisichotakiwa kutoka, wala kitoke wapi.

Tiba ya kasoro hii haihitaji kuunda neno jipya hata moja. Maneno yapo, na yamekuwamo katika vitabu vya biolojia kwa muda mrefu: vena kwa njia inayorudisha damu moyoni, ateri kwa njia inayoitoa moyoni, neva kwa njia ya hisia na amri za ubongo, na msuli kwa nyama inayovuta viungo. Twapendekeza kwamba katika agizo lolote la sindano neno "mshipa" lisisimame peke yake. Iandikwe "katika msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya paja", au "katika vena, polepole", au "chini ya ngozi". Anayeona "vena" ni neno geni na aandike "mshipa wa vena", maadamu vena imo. Neno "mshipa" hatulifukuzi katika lugha. Tunalizuia katika karatasi ya sindano tu.

Presha

Neno la pili la hatari ni "presha". Wataalamu wanapoandika kwa Kiingereza hutofautisha msukumo wa damu, ambao kila aliye hai anao, na ugonjwa wa msukumo huo kupanda. Wananchi wamelichukua neno moja kwa yote mawili, tena wameliegemeza upande wa ugonjwa. Mtu akisema "nina presha" maana yake presha yake iko juu. Na "dawa ya presha", kuanzia Lusu mpaka Lamu, ni dawa ya kuishusha.

Sasa adrenalini na vasopresini ni dawa za kuipandisha. Vasopresini, ambayo mwilini hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ina kazi mbili: kubana mishipa ya damu na kuzuia maji yasipotee kwa mkojo. Jina lake limeundwa kutokana na maneno ya Kilatini ya mshipa na kukandamiza. Hospitalini hutumika, aghalabu pamoja na noradrenalini, kwa wagonjwa mahututi ambao msukumo wa damu yao umeanguka kwa sababu ya maambukizo makali. Mfasiri akiandika kwa haraka kwamba ni "dawa ya presha", ameandika kinyume kabisa cha alichokusudia, na hakuna msomaji atakayemshuku, maana sentensi yenyewe ni Kiswahili fasaha. Kosa la namna hii ni baya kuliko kosa la sarufi, ambalo hujionyesha lenyewe.

Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi: kila penye presha pawe na mwelekeo. Iandikwe "dawa ya kupandisha msukumo wa damu" au "dawa ya kushusha msukumo wa damu". Katika mazungumzo na mgonjwa neno presha litumike bila haya, kwani ndilo analolijua, lakini lifuatwe na kitenzi: presha imeshuka, tunaipandisha.

Mshtuko na mzio

Maneno haya mawili tunayataja pamoja kwa sababu hutokea pamoja katika usemi "mshtuko wa mzio". "Mzio" ni neno la kujivunia. Asili yake ni kile chakula au kitu ambacho mtu hujiepusha nacho kwa kuwa kinamdhuru au kimekatazwa kwake, na kulihamishia kwenye tiba ni kazi iliyofanywa kwa busara. Tatizo liko katika "dawa ya mzio". Maneno hayo humpeleka mtu kwenye vidonge vya kutuliza mwasho na mafua. Vidonge hivyo vina kazi yake, lakini haviwezi kushika mahali pa adrenalini pumzi inapokatika. Karatasi inayosema tu "mpe dawa ya mzio" imempa msomaji ruhusa ya kuchelewa.

"Mshtuko" nao una mizigo mingi. Aliyepata habari mbaya amepata mshtuko. Aliyeguswa na umeme amepata mshtuko. Magazetini aliyekufa ghafla kwa moyo amekufa kwa mshtuko. Katika tiba tunayoizungumzia, mshtuko ni hali ya damu kushindwa kuvifikia viungo kwa kadiri inayotakiwa. Ndugu wa mgonjwa wakiambiwa "amepata mshtuko" watamfariji na kumpa maji ya sukari, kama ilivyo desturi. Tungependa katika maandishi ya tiba isemwe "mshtuko wa mzunguko wa damu", na kwa hali inayoletwa na nyuki, chakula au dawa litumike neno anafilaksia likifuatwa na maelezo mafupi. Ni neno zito, lakini uzito wake humfanya msomaji asimame.

Kipimo

Katika biashara ya misafara pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Nafaka zilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Nguo zilipimwa kwa doti, yaani mikono minane. Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu walitofautiana kwa mengi, lakini mtu asiyejua frasila ni nini hakuweza kufanya biashara Tabora. Neno la kipimo lilikuwa na maana moja kwa wote, na pasipokuwa na maana moja palizuka ugomvi.

Adrenalini kwa miaka mingi imeandikwa kwa uwiano. Chupa moja huandikwa 1:1000, nyingine 1:10,000. Ya kwanza ina gramu 1 ya dawa katika mililita 1000, ambayo ni sawa na miligramu 1 katika kila mililita. Ya pili ina sehemu ya kumi ya nguvu hiyo. Kwa Kiswahili husomwa "moja kwa elfu" na "moja kwa elfu kumi". Sikio la kawaida husikia elfu kumi, likadhani ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa katika hesabu ya pesa na mifugo elfu kumi huishinda elfu moja. Tena mwenye haraka hulikata neno: "lete ile ya elfu." Elfu ipi? Kosa la hapo ni la mara kumi, kupungua au kuzidi.

Taabu hii haikuwapata Waswahili peke yao. Marekani iliamua kwamba kuanzia mwaka 2016 dawa hii ikiwa peke yake katika chupa isiandikwe kwa uwiano, ila kwa miligramu katika mililita. Sisi hatuna sababu ya kuuhifadhi katika tafsiri zetu usemi ambao wenye nao wameukimbia. Chupa ikiwa bado imeandikwa kwa uwiano, mfasiri aunakili kama ulivyo ili msomaji aitambue chupa, kisha aongeze mara moja: "yaani miligramu 1 katika mililita 1." Dozi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, "0.5, yaani nusu miligramu", wala nukta isiandikwe bila sifuri mbele yake. Nukta ikififia katika karatasi iliyonakiliwa mara nyingi, .5 hugeuka 5.

Habari ya kuhifadhi dawa ni ya namna hiyo hiyo. Maneno "hifadhi mahali pa baridi" yanasomeka vyema, lakini baridi ya Lusu mwezi Juni na baridi ya jokofu ni vitu viwili. Adrenalini huhifadhiwa katika joto la kawaida lisilozidi sentigredi 25, mbali na mwanga, wala haigandishwi. Maji yake yakigeuka rangi kuwa ya waridi au kahawia hayatumiwi. Oksitosini, sindano ya homoni ambayo ni jamaa wa karibu wa vasopresini na ambayo hutumika kuzuia damu isivuje baada ya kujifungua, hutakiwa kukaa kati ya sentigredi 2 na 8. Usemi mmoja wa "mahali pa baridi" hauwezi kuzitumikia zote mbili. Penye namba, namba iandikwe.

Majibu kwa wanaopinga

Wako watakaosema kwamba mjadala huu hauna haja, kwa kuwa matabibu na wauguzi hufundishwa kwa Kiingereza. Tunawajibu kwamba darasa ni la Kiingereza, lakini zamu ni ya Kiswahili. Maagizo hutolewa kwa mdomo kwa Kiswahili, ndugu wa mgonjwa huelezwa kwa Kiswahili, mhudumu wa afya wa kijiji hufunzwa kwa Kiswahili, na mfuga nyuki huonywa kwa Kiswahili. Zaidi ya hayo, mwaka 2021 sheria ilirekebishwa nchini Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Shauri la sindano iliyochomwa pasipostahili likifika mbele ya hakimu, shahidi atatakiwa kueleza kwa Kiswahili kama ilikuwa msulini au katika vena. Akisema "mshipani", wakili yeyote mwerevu atamsimamisha hapo siku nzima.

Wako wengine watakaosema kwamba tunayadharau maneno ya wananchi. Hatufanyi hivyo. Mzio ni neno la wananchi, na tumelisifu. Mshipa na presha yatabaki katika mazungumzo, na mtumishi wa afya asiyeyajua hatamwelewa mgonjwa wake. Tunachokidai ni kwamba anayeandika agizo ajue ni wapi neno la wananchi lina maana moja na ni wapi lina maana nne, na katika hali hii ya pili aongeze neno la kulibainisha.

Mapendekezo

Kwa kumalizia, twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandaa maandishi ya tiba wayafikirie mambo haya. Dawa iitwe adrenalini, na jina la epinefrini litajwe mara moja. Homoni isiitwe kichocheo. Kazi ya dawa ielezwe nzima: kubana mishipa ya ngozi, kuupa moyo nguvu, na kufungua njia za hewa. Mahali pa sindano patajwe kwa msuli, vena au ngozi, kamwe si kwa mshipa mtupu. Presha ipewe mwelekeo. Mshtuko ufafanuliwe. Nguvu ya dawa iandikwe kwa miligramu katika mililita, na joto la kuhifadhia kwa sentigredi.

Tungependa pia kuona maandishi ya namna hii yakijaribiwa kabla ya kupigwa chapa. Apewe muuguzi wa zahanati ya mbali, asome bila kuelezwa, kisha aonyeshe kwa kidole mahali atakapochoma na mstari wa bomba la sindano atakaoishia. Kidole chake kikienda panapotakiwa, istilahi zetu zimefaulu. Kikienda kwingine, karatasi irudi mezani kwetu, na tuianze upya.